Malisho ya kudumu Tabora: mwaka wa kwanza ni wa mizizi

Kando ya barabara ya kutoka Tabora kwenda Urambo nyasi huota bila kupandwa na mtu. Zinafyekwa, zinachomwa moto, zinakanyagwa na ng'ombe kutwa nzima, na mvua za Novemba zikishuka zinachipua tena kama kawaida. Halafu mfugaji analipia mbegu, analima ekari yake, anamwaga mbegu kwa matumaini, na ikifika Februari anachokiona ni magugu matupu na vishungi vichache vya nyasi vimejificha katikati. Wafugaji wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: kama nyasi zinajiotea porini, kwa nini za kupanda zinakataa?

Jibu ni kwamba porini hatuhesabu zinazokufa. Nyasi za barabarani zimemwaga mbegu kila mwaka kwa miaka mingi, nyingi mno zimeliwa na chungu na ndege, zimeoza au zimekauka, na tunachokiona ni zile chache zilizopona. Shambani tunaanza na kilo chache za mbegu za kununua, tunataka zijaze ekari nzima kwa msimu mmoja, tena kwenye udongo ambao umeshalimwa mahindi au tumbaku mpaka umechoka. Ni kazi inayowezekana kabisa, na ndani ya mkoa wetu wapo waliofanikiwa. Lakini inataka mtu aelewe mmea huu unaishi vipi, kwa sababu hauishi kama mahindi.

Mahindi yana maisha ya miezi minne au mitano. Yanakimbilia juu, yanazaa, yanakufa. Nyasi za kudumu zinapanga kuishi miaka, kwa hiyo msimu wa kwanza zinawekeza chini ya ardhi. Wiki sita baada ya kuota, mche wa nyasi za Rhodes, aina mojawapo ya nyasi za kupandwa, unaweza kuonekana dhaifu hata ukaona aibu kumwonyesha jirani, kumbe chini unashusha mizizi ambayo ndiyo itakayouvusha kiangazi cha Mei hadi Oktoba. Mwenye shamba akikosa subira hapo, akaingiza ndama "waonje kidogo", kazi yote imeharibika. Ndiyo maana nasema mwaka wa kwanza ni wa mizizi, na mifugo wasubiri zamu yao.

Tumbo limejaa, ng'ombe anakonda

Kabla ya kuingia shambani, tuelewe tunapanda ili kutibu tatizo gani. Ukienda vijiji vya Nzega au Igunga mwezi wa Septemba, nyasi kavu huwa bado zipo mahali pengi. Ng'ombe wanakula, matumbo yanaonekana yamejaa, na bado mbavu zinahesabika. Mtu atasema ni ugonjwa, atanunua dawa ya minyoo, na pengine minyoo ipo kweli. Ila mara nyingi sababu kubwa ni protini.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawameng'enyi nyasi peke yao. Kazi hiyo inafanywa na bakteria na vijidudu vingine wanaoishi kwenye tumbo la kwanza, yaani rumeni. Vijidudu hawa nao wanahitaji chakula chao, hasa naitrojeni inayotokana na protini ya majani. Nyasi changa za Januari zinaweza kuwa na protini ya asilimia 10 na zaidi. Nyasi hizo hizo zikiachwa zikomae, zikatoa mbegu na kukauka zikiwa zimesimama, protini hushuka hadi asilimia 3 au 4. Chini ya takribani asilimia 7 vijidudu wa rumeni hudhoofika, kazi ya kumeng'enya inazorota, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu. Tumbo likiwa limejaa, ng'ombe hana nafasi ya kula tena. Anashiba bila kulishwa.

Kwa hiyo shamba la malisho ya kudumu lina kazi mbili. Moja ni kutoa wingi wa majani. Nyingine, ambayo husahaulika, ni kutoa majani yenye protini wakati ambao porini haipo. Nyasi peke yake, hata ziwe nzuri kiasi gani, zinaifanya kazi ya kwanza vizuri na ya pili nusu nusu. Hapo ndipo mikunde malisho, yaani mimea ya jamii ya kunde inayolishwa mifugo, inapohitajika, na nitairudia.

Udongo wa Kaliua si udongo wa Igunga

Mkoa huu ni mkubwa na watu wanaupa ushauri mmoja kana kwamba ni kijiji kimoja. Upande wa magharibi na kusini, Kaliua, Urambo, Sikonge na sehemu kubwa ya Uyui, tuko kwenye misitu ya miombo. Udongo mwingi ni wa kichanga, ule ambao Wasukuma huuita luseni: unalimika kwa urahisi, maji yanapita haraka, fosforasi na naitrojeni ni kidogo, na mara nyingi una tindikali. Upande wa kaskazini mashariki, Igunga na sehemu za Nzega, mvua ni pungufu zaidi na kuna maeneo mapana ya mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, kama ule wa bonde la Wembere.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kwa kawaida kati ya milimita 700 na 1,000 kwa mwaka. Tofauti na Bukoba, mmea wetu wa kudumu lazima uvumilie miezi isiyopungua mitano bila tone la maana. Hilo peke yake linafuta nusu ya majina yanayotajwa mitandaoni.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu siku hizi simu zimejaa video za Wamarekani wanaopanda klova na mimea mingine ya kudumu ili kulisha kulungu wa porini kwenye mashamba yao. Ni kazi nzuri na wanaifanya kwa makini: wanapima udongo, wanaweka chokaa, wanapanda mbegu juu juu, wanafyeka magugu, wanasubiri. Kanuni hizo zote zinafaa hapa. Mmea wenyewe haufai. Klova nyeupe inapenda ubaridi na udongo usio na tindikali nyingi. Kwetu inaweza kupona kwenye nyanda za juu kama Mbeya au miteremko ya Kilimanjaro, lakini kwenye kichanga cha Sikonge mwezi wa Septemba haitapona. Lusan, ambayo wengine huiita alfalfa, nayo ni hivyo hivyo, bila umwagiliaji na chokaa ni kupoteza fedha. Urambo imewahi kuona mpango uliochorwa mbali: mradi wa karanga wa serikali ya Kiingereza, ambao Urambo ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea, ulisitishwa mwaka 1951 baada ya matrekta, udongo na mvua kukataa kufuata makaratasi.

Sasa, kipi kinafaa?

Kwa kichanga cha miombo, nyasi za Rhodes zinakubali ukiziwekea fosforasi na samadi, na ni rahisi kuzifanya hei, yaani nyasi zilizokaushwa na kuhifadhiwa. Brakiaria zinavumilia tindikali kuliko nyasi nyingi nyingine, na mizizi yake inashuka mbali. Zile aina bora zinazouzwa leo ziliendelezwa Amerika ya Kusini, lakini asili ya mmea ni Afrika, kwa hiyo tunarudishiwa cha kwetu. Kwa maeneo makavu ya Nzega na Igunga, kwenye udongo mwepesi usiotuamisha maji, nyasi ya Cenchrus ciliaris ndiyo mkongwe wa ukame. Inaweza kudumu shambani zaidi ya miaka 10 ikitunzwa, wakati Rhodes mara nyingi inataka kufufuliwa baada ya miaka mitatu hadi mitano. Lakini Cenchrus haipendi kusimamiwa na maji. Mbugani penye udongo mweusi tafuta nyasi ya Panicum coloratum, ambayo imeumbwa kwa udongo huo.

Mabingobingo, au majani ya tembo, wengi huyataja kwanza. Ni mazuri, yanatoa majani mengi kuliko chochote, ila yanataka rutuba na unyevu. Yaweke bondeni, kando ya mfereji wa maji ya kuogea, au karibu na zizi ambako samadi inamwagika kila siku. Kuyapanda kwenye ekari ya kichanga iliyo mbali na nyumbani, ukitegemea mvua pekee, ni kujitafutia huzuni.

Shamba lililotoka tumbaku

Hili ni jambo ambalo wakulima wa Tabora wangelichukulia kwa faida, na sijui kwa nini halizungumzwi zaidi. Shamba lililolimwa tumbaku msimu uliopita lina sifa tatu zinazopendwa na malisho. Limepaliliwa sana, kwa hiyo akiba ya mbegu za magugu imepungua. Limewekewa mbolea ya NPK 10-18-24, na kiasi cha fosforasi na potasiamu kinabaki. Na udongo tayari ni laini.

Kuna faida nyingine inayorudi kwenye tumbaku yenyewe. Adui mkubwa wa tumbaku kwenye kichanga ni minyoo fundo, wale wadogo wasioonekana kwa macho wanaofanya mizizi ivimbe manundu. Wenzetu wa Zimbabwe kwa miaka mingi wamekuwa wakipanda Rhodes, hasa aina ya Katambora, kwenye mzunguko wa mashamba ya tumbaku, kwa sababu minyoo hao hawapati pa kuzaliana kwenye mizizi yake. Shamba linapumzika chini ya nyasi kwa miaka michache, mifugo inakula, kisha tumbaku inarudi mahali palipopungua wadudu. Mwenye ekari nne za tumbaku na ng'ombe wachache ana kila sababu ya kulifikiria. Tahadhari moja: usiweke sesbania, mti wa jamii ya kunde, kwenye mzunguko huo, maana yenyewe hushambuliwa sana na minyoo fundo na itakurudisha ulikotoka.

Mbegu mkononi

Chukua mbegu za Rhodes kiganjani. Ni nyepesi, zina manyoya, zinashikana, na upepo mdogo unazipeperusha. Sugua chache kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka makapi yatoke. Ndani ya ganda zuri utahisi punje ndogo, ngumu, ya rangi ya kahawia. Maganda mengi yakiwa matupu, umeuziwa makapi, haijalishi gunia limejaa kiasi gani. Fanya na jaribio la kuota: hesabu mbegu 100, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa ndani ya sahani, funika, weka mahali penye joto, lowesha kila siku kwa wiki mbili. Zikiota 40, unajua uongeze mbegu. Zikiota 10, rudisha dukani mapema kabla mvua haijaanza.

Usishangae mbegu mbichi zikikataa kuota. Mbegu za Rhodes zilizovunwa juzi hulala kwa miezi kadhaa, na za Cenchrus zinaweza kulala mwaka mzima au zaidi. Mbegu iliyokaa ghalani pakavu tangu msimu uliopita mara nyingi ni bora kuliko ya juzi.

Kiasi cha kupanda kinategemea ubora huo. Kwa Rhodes ya kawaida ya dukani, kilo mbili hadi nne kwa ekari zinatosha. Kwa Cenchrus kilo mbili hivi. Changanya na mchanga mkavu au samadi iliyokauka na kusagika, ujazo wa mara kumi, ili mkono upate kitu cha kushika na mbegu isambae sawasawa. Gawa mchanganyiko mafungu mawili: la kwanza limwage ukitembea kwa urefu wa shamba, la pili ukikata upana.

Ardhi: laini juu, imara chini

Watu wengi hupoteza shamba hapa. Wamezoea matuta, maana Unyamwezi ni nchi ya matuta, na matuta yanafaa kwa viazi, mahindi na tumbaku. Kwa nyasi, sawazisha ardhi. Lima mara ya kwanza mwishoni mwa kiangazi au mvua za mwanzo kabisa, kwa maksai au kwa jembe. Acha mvua mbili tatu zipite. Magugu yataota kwa wingi; hiyo ndiyo nia yako. Pitia tena juu juu, kwa haro au kwa jembe la mkono, uyaue yakiwa machanga, na usilime kina kirefu mara hii, kwa sababu utaleta juu mbegu nyingine za magugu zilizolala chini. Mtu anayeweza kurudia mara mbili amefanya palizi nusu kabla hajapanda.

Panda mvua ikishatulia, kwa Tabora ni kati ya mwisho wa Novemba na mwanzo wa Januari. Ukiwahi sana, mvua ya kwanza itaotesha kisha jua la wiki mbili litaua. Ukichelewa, miche itaingia kiangazi ikiwa na mizizi mifupi.

Na kina cha kupanda, tafadhali, kisizidi sentimita moja. Punje ile uliyoisugua kidoleni ina akiba ndogo sana ya chakula. Ukiizika sentimita nne kama mahindi, itachipua gizani, itaishiwa nguvu, itafia humo humo, na wewe utalaumu muuzaji. Usifukie kwa jembe. Kata tawi la mti lenye majani mengi, livute juu ya shamba mara moja, kisha shindilia. Kushindilia ni kwa miguu, au kwa kupitisha kundi la mbuzi haraka haraka siku ile ile ya kupanda, na hiyo ndiyo ruhusa pekee ya mifugo kuingia mwaka huo. Mbegu lazima igusane na udongo ili inyonye unyevu. Ukitaka kujua kama umeshindilia vya kutosha, kanyaga: kisigino kikizama zaidi ya sentimita moja, bado.

Mbolea ya kuanzia ni fosforasi, kwa sababu mizizi haishuki bila hiyo. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa TSP kwa ekari, au fosfeti ya Minjingu, ambayo inayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali, kwa hiyo kwa kichanga chetu ni chaguo la maana. Samadi iliyooza, tani nne kwa ekari kama unazo, iingie wakati wa kulima. Urea usiiweke siku ya kupanda. Naitrojeni ya mapema inalisha magugu, na magugu yanajua kula kuliko mche wa nyasi. Ikiwezekana pima udongo kwanza kupitia afisa kilimo wa kata. Kujua pH ya shamba lako, yaani kipimo cha tindikali, kutakuokolea fedha, hasa kwenye mikunde.

Miezi sita ya kuvumilia

Wiki mbili hadi tatu za kwanza shamba litaonekana tupu. Kisha magugu yatawahi. Palizi ya mkono kati ya wiki ya tatu na ya sita ndiyo inayoamua, na ukiwa umepanda kwa mistari ya nusu mita itakuwa rahisi zaidi, ndiyo maana kwa shamba la kwanza la ekari moja napendelea mistari kuliko kumwaga. Baadaye magugu ya majani mapana yakipanda juu ya nyasi, yafyeke kwa juu, sentimita 15 au 20 kutoka ardhini. Kufyeka huko kunayakata vichwa na kuruhusu mwanga, na nyasi zenyewe zinachochewa kutoa machipukizi ya pembeni.

Lini mifugo iingie? Kuna kipimo cha mkono ambacho hakikosei. Ng'ombe hakati nyasi kwa meno ya juu, maana mbele juu hana. Anazungushia ulimi na kuvuta. Nawe fanya hivyo: shika tita la nyasi, livute kwa nguvu kwenda juu kama anavyovuta yeye. Majani yakikatika na kisiki kikabaki ardhini, mizizi imeshika. Mmea ukikufuata mkononi na udongo wake, ng'ombe angeung'oa vile vile. Pita shambani sehemu nyingi ukijaribu, si pembeni tu penye rutuba.

Hata ukifaulu kipimo hicho mwezi wa Aprili, ushauri wangu kwa msimu wa kwanza ni kuziacha zitoe mbegu, zidondoshe, zijaze mapengo, kisha ukate mara moja kwa fyekeo ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15. Sehemu ya chini ya shina ndiyo kihenge cha nyasi: humo kimehifadhiwa chakula cha kuchipulia mvua zikirudi. Ukikata mpaka ardhini umekomba kihenge, na Novemba utaona machipukizi membamba yanayokata tamaa.

Mikunde, na kwa nini lusina inakufa kwa watu

Nilisema protini ndiyo nusu ya pili ya kazi. Kwa kichanga chenye fosforasi kidogo, mkunde wa kuanzia ni Stylosanthes, wengi wanauita stailo. Unavumilia tindikali na umaskini wa udongo, unakamata naitrojeni ya hewani kwa vinundu vya mizizi bila kudai bakteria maalumu, na unabaki na majani mabichi nyasi zikiwa zimeshakauka. Mbegu zake zina ganda gumu; zisugue kwa mchanga mkavu kabla ya kupanda ili maji yapenye. Usiumwage pamoja na Rhodes mahali pamoja ukidhani watapendana. Rhodes itaufunika. Panda kwa vipande, mita tatu za nyasi, mita mbili za stailo, na urea weka upande wa nyasi tu.

Lusina, mti wa jamii ya kunde, inasifiwa kila semina, na majani yake yanastahili sifa, protini huwa zaidi ya asilimia 20. Lakini udongo ukiwa na pH chini ya 5.5 inadumaa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuona vijiti vya njano vimesimama miaka mitatu bila kukua. Mbegu zake zinataka kumwagiwa maji ya moto yasiyochemka, nyuzi joto 80 hivi, kwa dakika mbili tatu, kisha zilale kwenye maji ya kawaida usiku mmoja. Ina pia mimosini, sumu inayopukutisha manyoya: sungura na nguruwe wasipewe kabisa, na kwa ng'ombe na mbuzi isizidi theluthi ya chakula cha siku.

Pale lusina inapokataa, jaribu glirisidia, mti mwingine wa jamii hiyo. Panda kwa miche iliyotoka kwenye mbegu badala ya vipandikizi vya fimbo, kwa sababu mche wa mbegu unashusha mzizi mkuu na kiangazi chetu kinadai hilo. Mbuzi wanaweza kuikataa mwanzoni kwa harufu; kata jioni, ianike inyauke usiku, wape asubuhi kidogo kidogo wakiwa na njaa. Na ili iwe na majani kiangazi, ikate mwishoni mwa mvua. Ile isiyokatwa hutoa maua na kupukutisha majani wakati ule ule unaoyahitaji.

Moto na ng'ombe wa jirani

Mchwa watakula kidogo, hilo halizuiliki sana. Vinavyomaliza shamba la malisho Tabora ni moto wa Juni hadi Oktoba na mifugo inayoachiwa baada ya mavuno. Kwa moto, lima ukanda wa mita tano au zaidi kuzunguka shamba kabla ya mwisho wa Mei, na usafishe tena Agosti. Kwa mifugo, minyaa au mkonge hufanya uzio mzuri lakini huchukua miaka, kwa hiyo msimu wa kwanza utahitaji boma la miiba na makubaliano na majirani.

Makubaliano hayo si kitu kigeni. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikolea, na mkutano wao wa jadi, dagashida, uliweka kanuni na faini za kulilinda. Huko Shinyanga ngitili zilifufuliwa kwa upana kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, na maeneo yaliyokuwa yamebaki vumbi yakarudi kuwa na miti na nyasi. Shamba la kupandwa ni ndugu wa ngitili. Nenda serikali ya kijiji kabla ya kupanda, shamba litajwe kwenye mkutano, sheria ndogo zisomwe. Ng'ombe akiingia Agosti, utakuwa na mahali pa kusimamia bila ugomvi.

Hesabu ya kiangazi

Ng'ombe wa kilo 300 anahitaji chakula kikavu cha takribani asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 7.5. Tuseme unataka kumlisha kutoka shambani siku 150, Julai hadi Novemba: kilo 1,125. Kwa kuwa hei ina unyevu kidogo, hiyo ni kama marobota 66 ya kilo 20. Mbuzi wa kilo 30 kwa siku hizo hizo anatosheka na marobota manane. Ekari ya Rhodes kwenye kichanga, yenye mbolea ya wastani, kuanzia msimu wa pili inaweza kutoa tani moja na nusu hadi tatu. Kwa hiyo ekari moja ni ng'ombe mmoja, au wawili mwaka ukiwa mwema. Mwenye ng'ombe 40 asidhani ekari mbili zitawavusha wote. Achague wanaonyonyesha, ndama na maksai wa kulimia, waliobaki waende ngitilini.

Marobota hayahitaji mashine. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandaza kamba mbili ndani, jaza, kanyaga, jaza tena, funga. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, wakati protini bado ipo. Shida yetu ni kwamba hilo hutokea Februari na Machi mvua zikiwa bado zinanyesha, kwa hiyo wengi husubiri Mei wakavuna vijiti. Njia ya kati ni kukata mara moja Februari na kuwalisha mbichi zizini, kisha weka urea, mfuko mmoja kwa ekari, mvua ikiwa bado ipo. Machipukizi yatafika kwenye maua mwishoni mwa Aprili au Mei mwanzoni, jua likiwa tayari linakausha. Anika siku mbili hadi tatu, geuza, na funga majani yakiwa bado na rangi ya kijani. Yakiwa ya njano umechelewa, yakiwa na unyevu yataota ukungu ghalani.

Acha kipande cha robo ekari bila kukata kwa ajili ya mbegu. Masuke ya Rhodes yakigeuka kahawia na mbegu zikianza kudondoka ukiyapitisha kiganjani, yakate asubuhi, yarundike kivulini siku tatu, yapukuse juu ya turubai, anika kivulini na uweke kwenye gunia la nguo mahali pakavu, mbali na panya. Mbegu hiyo itakuwa tayari kupandwa Desemba, na ukifanya jaribio la kitambaa Novemba utajua ni kilo ngapi za kumgawia jirani.